Tuulizwe Kabla Wino Haujakauka

Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukapewa alama zetu, kisha tukaifunga ndani ya daftari. Leo nataka kuifungua tena, kwa sababu liko jambo moja karibu nasi, tena karibu sana, ambalo laweza kuamuliwa nasi hatupo. Jambo lenyewe ni msitu.

"Msitu gani tena hapa Mtongwe?" najua mtu atauliza. Wengi wetu tukisikia neno msitu fikira zetu huruka mpaka Mau, au Kakamega, au Shimba Hills kwenye ndovu. Hapana, bwana! Hebu teremka mpaka ufuoni, uitazame hori ya Port Reitz maji yakiwa yametoka. Ile miti iliyosimama topeni na mizizi yake nje kama miguu ya kaa, ndiyo msitu wetu. Na si msitu kwa jina tu. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya pwani yote kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali yetu wenyewe ikaitangaza tena. Kwa hivyo mkoko si mali ya mwenye shamba lililopakana nao, wala si mali ya anayejenga banda ufuoni, wala si mali ya mwenye panga kali. Ni mali ya umma. Na umma ni nani kama si mimi na wewe?

Sasa, msitu wa umma hauendeshwi hivi hivi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yataka uendeshwe kwa mpango ulioandikwa. Mikoko ya Kenya ina mpango wake wa taifa, uliotolewa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wa kuanzia mwaka 2017 hadi mwaka 2027. Ndani yake mikoko imepimwa na kuhesabiwa, kaunti baada ya kaunti. Nchi nzima ina takribani hekta 61,000. Zaidi ya nusu ziko Lamu, na sisi wa Mombasa tuna hekta 3,700 na kidogo. Mpango huo wasema pia kwamba takribani asilimia 40 ya mikoko ya nchi imeharibika.

Mpango huo ulipotolewa mimi nilikuwa bado mtoto wa kucheza gololi. Sina lawama kwamba sikuulizwa, ningejibu nini? Lakini miaka kumi si mingi. Baada ya mpango huo itabidi uwepo mwingine, na ukiandikwa wa miaka kumi tena, basi utafika mwaka 2037. Ifikapo mwaka huo, wengi wa wanaosoma ukurasa huu watakuwa ni watu wazima wenye nyumba na watoto. Wengi wa wazee watakaoketi kuuandika watakuwa wamestaafu, na Mungu awape umri mrefu. Je, ni nani hasa atakayeishi chini ya mpango huo? Ni sisi. Ndiyo maana nasema, tena kwa sauti kubwa: tuulizwe, na tuulizwe kabla wino haujakauka.

Kwanza niseme kwa nini mikoko ni jambo la kufa na kupona. Kamba, kaa koko, mkizi na samaki wengine wengi hulelewa katika mizizi ile wakiwa wadogo, kabla ya kutoka nje baharini. Mvuvi anayerudi na dau tupu na mama karanga anayekosa cha kukaanga jioni wanahusika na mikoko, hata kama hawajawahi kukanyaga tope lake. Mizizi hiyo hiyo hushika udongo usizolewe na maji, na hupunguza nguvu za mawimbi. Tena mti huu una subira. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado inaning'inia juu ya mamake, kisha huanguka na kutafuta mahali pa kusimama. Kutoka hapo mpaka iwe boriti ya kuezekea nyumba yapita miaka kumi na zaidi. Kuukata ni kazi ya dakika chache. Kitu kinachoota kwa miaka na kukatwa kwa dakika hakiwezi kulindwa kwa fikira za siku moja. Chahitaji mpango mrefu.

Na hasara tumekwisha kuiona. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara mpaka hori ya Mwache, likafunika mizizi na mikoko mingi ikafa wima. Watafiti walipolinganisha hali ya mwaka 1992 na ile ya mwaka 2009, walikuta kwamba kule Tudor zaidi ya robo tatu ya mikoko ilikuwa imetoweka, na Mwache karibu nusu. Tudor si mbali, jamani; ni upande wa pili wa kisiwa. Nyumba ya jirani ikiungua, mwenye busara huanza kuteka maji.

Siku hizi tena kuna mambo makubwa yanayokuja upande wetu. Barabara ya Dongo Kundu imevuka hori za Mwache na Mteza kwa madaraja marefu. Eneo Maalum la Kiuchumi la Dongo Kundu limetengewa ekari 3,000 hivi. Sikilizeni vizuri, sipingi maendeleo. Baba zetu wangapi wanakula mkate wa bandari? Na sisi tukimaliza Kidato cha Nne tutatafuta kazi wapi kama si huko? Lakini mambo hayo yote yana wahandisi wake, mawakili wake na ramani zake. Mkoko hauna wakili. Wakili wake ni mpango wa msitu, na wenye kuupa mpango huo nguvu ni watu wanaoujua na kuutambua kuwa ni wao.

Historia yetu yaonyesha vile ambavyo mambo yaliendeshwa zamani. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kutoka pwani hii mpaka Arabuni na Ghuba. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mwezi wa Februari mwaka 2018 ikatoka amri nyingine ya kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchi nzima. Ati ilikuwa ya siku 90, kisha ikaongezwa tena na tena, mpaka Rais akatangaza kuiondoa mwezi wa Julai mwaka 2023. Pengine amri hizo zilihitajika, siwezi kubisha. Ila amri ina tabia moja mbaya: huja asubuhi na huondoka jioni. Mwananchi haoni ilikotoka wala hajui itakwisha lini. Anachojifunza ni kumvizia askari wa misitu, si kuulinda mti. Amri hulinda mkoko mpaka askari ageuke. Makubaliano hulinda mkoko hata usiku, kwa sababu jirani humwuliza jirani, "Mbona wakata na tulikubaliana?"

Msidhani naota ndoto za mchana. Nendeni Gazi, kule Kwale, safari ya matatu tu kutoka Likoni. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza rasmi mwaka 2013. Walikubaliana na KFS kuzilinda hekta 117 za mikoko, na watafiti wa bahari wa KMFRI wakawasaidia kupima ni kiasi gani cha hewa ya kaboni miti ile imekishika. Kipimo hicho huuzwa kwa watu wa nchi za nje wanaotaka kufidia moshi wao, na fedha zinazopatikana zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Zitumikeje, huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata nyayo zao. Gazi hawana elimu kutushinda wala bahari yao si tamu kuliko yetu. Walikaa kitako wakapanga, wakawa wamo tangu mwanzo.

Arabuko-Sokoke kule Kilifi nako kuna funzo. Huo ni msitu wa bara, si wa mikoko, lakini jambo ni lile lile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa Dida walianza kushirikishwa katika kuutunza, na ukaandikwa mpango wa miaka 25, kuanzia mwaka 2002 hadi mwaka 2027. Wenyeji wa kando ya msitu ule wamekuwa wakifuga viwavi wa vipepeo na kuuza pupa ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993. Mtu ambaye kipepeo wake anategemea mti fulani hahitaji kuhubiriwa juu ya mti huo.

Sasa nije kwa wale wanaopinga. Wapo wanaosema mpango wa msitu ni kazi ya wataalamu; mvuvi atasema nini mbele ya mtu mwenye digrii? Nami nawajibu hivi. Wataalamu wanahesabu aina tisa za mikoko nchini Kenya na kila moja wameipa jina la Kilatini. Lakini kabla ya Kilatini hicho kufika hapa, wazee wetu walikuwa na mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na msikundazi. Walijua kwamba mlilana husimama mbele kabisa, maji yakiupiga, na kwamba gome la mkandaa hutia rangi. Hata mti uliokatwa una majina yake kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Watu waliokipa kitu majina yote hayo wana la kusema juu ya kitu hicho! Mtaalamu anajua mti, na mvuvi anajua mahali. Mmoja bila mwenzake ni kama dau bila upondo.

Wapo wengine wanaosema wananchi hawajali, wakiitwa mkutanoni huja kwa ajili ya soda na posho. Hilo lina ukweli ndani yake, na mgala muue na haki umpe. Lakini tuulize sababu. Mtu akiitwa mara tatu akasema, na mara tatu asione neno lake hata moja limeandikwa, mara ya nne atafuata nini kama si soda?

Halafu tutazame jinsi tunavyoitwa. Niliwahi kuliona tangazo la mkutano wa wananchi kuhusu mradi mmoja, ambao sitautaja. Lilikuwa limebandikwa ukutani kwa Kiingereza kigumu, na mkutano wenyewe ni siku ya kazi, saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi wanafunzi tuko darasani. Vibarua wamekwisha kuvuka feri. Na kama siku hiyo ni ya bamvua, basi saa nne ndipo maji yametoka kabisa, na kina mama wanaotafuta kaa na chaza wako topeni, maana bahari haimngoji mtu. Waliobaki kuhudhuria ni akina nani? Ni wale wasio na shughuli na mikoko. Kisha yaandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Sasa kweli hayo ni mashauri?

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikusema hivyo. Kifungu cha 10 chaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 69 chaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Na kifungu cha 7, ambacho kila mwanachama wa chama chetu angepaswa kukijua kwa moyo, chasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo tukiomba kuzungumziwa kwa Kiswahili hatuombi hisani. Twadai kilicho chetu.

Kwa maoni yangu basi, wakati wa kuandaa mpango mpya wa mikoko utakapofika, mambo haya matano yafanywe.

Kwanza, tuitwe mapema, ukurasa ukiwa bado mweupe. Kumwonyesha mtu kitabu kilichokwisha kupigwa chapa na kumwuliza "Waonaje?" ni kumtaka apige makofi.

Pili, rasimu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na ramani inayoonyesha sehemu zetu kwa majina tunayoyaita sisi, ili mtu aone kwa kidole ni wapi panalindwa, wapi panaruhusiwa kukatwa na wapi patapandwa upya.

Tatu, mikutano ifuate bahari, si saa za ofisi. Ifanywe siku za maji mafu, ufuoni kwenyewe au shuleni, na iwepo ya Jumamosi ili sisi wanafunzi nasi tuhudhurie. Kina mama watengewe nafasi yao ya kusema, kwa sababu katika mabaraza mengi wao hukaa nyuma na hodari wa maneno hukaa mbele.

Nne, tujibiwe. Kila pendekezo liandikwe, na kando yake iandikwe kama limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini. Mtu hakasiriki sana kukataliwa kwa sababu. Hukasirika kupuuzwa.

Tano, mpango ukishapitishwa usifungiwe kabatini. Kila mwaka katika muda wote wa mpango tuitwe tena tuambiwe: mlisema mtapanda miche kadhaa, mmepanda mingapi, na mingapi imekufa? Miaka kumi ni mirefu, na bila kuulizana kila mtu husahau.

Lakini haki haiji bila wajibu, na hapa nawageukia wenzangu. Sheria ile ya mwaka 2016 imetoa nafasi kwa wanajamii kuunda chama cha misitu na kuomba kushiriki katika usimamizi. Ni wangapi kati yetu tunaofahamu hivyo? Ni wangapi tunaoweza kuutofautisha mchu na mkandaa bila kubabaika? Tukiitwa mkutanoni tukakaa kimya tukichezea simu, tutakuwa tumejikata wenyewe. Tena tusijifanye malaika. Wanaokata usiku hawatoki mwezini. Ni jirani zetu, na wengi wao hukata kwa sababu ya njaa. Mpango usiomwuliza mkata kuni atapikia nini ukishamkataza, hautamzuia. Naye pia ana haki ya kuketi barazani na kusikilizwa.

Chama chetu cha Kiswahili chaweza kuanza sasa hivi, bila ya kungoja ofisi yoyote. Tuwaendee wazee na kina mama, tukusanye majina ya miti, ya samaki na ya sehemu zote za hori hii, tuyaandike vizuri na tuyahifadhi. Siku wakija wenye ramani, tuwawekee daftari letu mezani. Hapo hatutakuwa watoto wanaopiga kelele. Tutakuwa watu waliokuja na la kusema.

Wasomaji wapenzi, kalamu yangu imefika ukingoni. Mimi sidai kwamba tukiulizwa basi kila tunalotaka litafanywa. Huenda tukashindwa kwa hoja, na tukishindwa kwa hoja tutakubali. Ninachokataa ni kushindwa kwa sababu hatukuwapo. Msitu huu ulitangazwa mwaka 1932 na watu wasiowauliza babu zetu. Safari hii wajukuu wao wapo, wanasoma, wanaandika, na wanajua siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Waiteni.